Mashine ilikubali, fedha zikaingia, kisha benki ikazichukua: nani hubeba hasara ya kadi iliyoibiwa?

Swali:

Assalaam alaykum. Nina nyumba ndogo ya wageni Jambiani, vyumba saba. Mwanzoni mwa Julai mtu aliyejitambulisha kuwa wakala wa safari aliyeko Ulaya aliniandikia barua pepe akitaka vyumba viwili kwa usiku tisa, pamoja na safari ya msitu wa Jozani na ya kuangalia pomboo Kizimkazi. Alinitumia namba ya kadi ya Visa, tarehe ya kuisha na zile tarakimu tatu za nyuma, nami nikaziingiza kwa mkono kwenye mashine ya benki. Mashine ikakubali dola 2,760, na baada ya siku chache fedha zikaingia kwenye akaunti. Wageni wanne wakaja, wakalala, wakala, wakatembea, wakaondoka wakishukuru. Nina nakala za pasipoti zao na sahihi zao kwenye kitabu cha wageni. Katikati ya Oktoba benki ikanikata dola zote 2,760 pamoja na ada, ikisema kwamba mwenye kadi, raia wa Marekani, amekana malipo hayo. Kama kadi iliibiwa, mzembe ni aliyeibiwa au benki yake. Mbona nalipa mimi niliyetoa huduma? Visa hawana bima ya mambo haya? Jirani yangu ananishauri nifunge akaunti nihamie benki nyingine kabla hawajanikata tena. Naomba ushauri.

Jibu:

Waalaykumu salaam, ndugu yangu, na pole sana. Dola 2,760 kwa nyumba ya vyumba saba si fedha ndogo, na kinachokuuma zaidi, naona, si kiasi chenyewe bali ni kule kuhisi kwamba katika watu wote waliohusika wewe peke yako ndiye uliyefanya kazi halali, kisha wewe ndiye uliyeadhibiwa. Hisia hiyo ina haki yake, nami nitairudia huko mbele.

Nianze na jibu lenyewe, maana sipendi kumzungusha mtu aliyekwisha kuumia. Kwa maelezo uliyotoa, na isipokuwa kama pana jambo ambalo hukuliandika, hasara hii inakuangukia wewe, kwa kanuni za Visa na kwa mkataba uliousaini na benki yako siku ulipopewa mashine. Haikukuangukia kwa sababu umetenda kosa la jinai, wala kwa sababu mwenye kadi anapendelewa kwa kuwa ni Mmarekani. Sababu ni namna malipo yale yalivyopokewa: namba ziliandikwa kwa mkono, mwenye kadi hakuwapo, na benki yake haikupewa nafasi ya kumuuliza kama ni yeye. Malipo yaleyale yangepita njia nyingine, hasara ileile ingebebwa na benki iliyotoa kadi, na akaunti yako isingeguswa.

Tuanze na lile neno «mashine ilikubali», kwa kuwa hapo ndipo wafanyabiashara wengi wanapojikwaa. Katika malipo ya kadi kuna pande nne, ukiacha mtandao unaoziunganisha: mwenye kadi, benki iliyompa kadi, wewe, na benki iliyokupa mashine. Ulipobonyeza namba zile, ujumbe ulitoka kwenye benki yako, ukapita kwenye mtandao wa Visa, ukafika kwenye benki ya Marekani, na jibu likarudi kwa muda wa sekunde chache. Katika sekunde hizo benki ile hutazama mambo machache tu: akaunti iko hai, ukomo wa mkopo haujafikiwa, kadi haijaripotiwa kuibiwa, na tarakimu tatu zinalingana. Huenda ikaangalia pia kama malipo yanafanana na mwenendo wa kawaida wa mteja wake. Yote hayo yalikuwa sawa, kwa sababu aliyeiba namba alikuwa nazo zote na mwenye kadi alikuwa bado hajajua. Idhini uliyopewa ni sawa na mlinzi wa getini anayetazama kama gari lina stika ya kuingia. Hatazami nani ameshika usukani. Kwa hiyo idhini huthibitisha kwamba kwa saa ile fedha zilikuwapo. Haithibitishi kwamba mwenyewe ameridhia, na hakuna mahali kwenye mkataba wako palipoandikwa kwamba ni dhamana ya malipo.

Sasa, kwa nini asilipe aliyeibiwa? Sheria ya nchi yake haimruhusu mtu kumdai, na sheria hiyo ina historia inayofaa kuijua. Mwaka 1958 Bank of America ilituma kwa posta kadi zipatazo 60,000 kwa wakazi wa mji wa Fresno, California, watu ambao hawakuziomba. Kadi hizo ndizo zilizokuja kupewa jina la Visa mwaka 1976. Benki nyingine zikaiga mtindo huo, kadi zikawa zinaibwa kwenye masanduku ya barua kabla hazijafika, na watu wakawa wanadaiwa fedha walizotumia wezi. Mwaka 1970 Bunge la Marekani likapiga marufuku kumtumia mtu kadi asiyoiomba, na likaweka ukomo: kadi ya mkopo ikitumiwa bila ridhaa ya mwenyewe, hawezi kudaiwa zaidi ya dola 50. Na kama kilichoibiwa ni namba tu, huku kadi yenyewe ikiwa bado mfukoni mwake, hadaiwi hata senti moja. Sheria nyingine ya mwaka 1974 ikampa haki ya kupinga kwa maandishi malipo asiyoyatambua ndani ya siku 60 tangu atumiwe stetimenti, na ikailazimu benki kuchunguza badala ya kumsumbua kwa madai.

Waliotunga sheria hizo hawakuamini kwamba wenye kadi wote ni waangalifu. Waliona kwamba mtu wa kawaida hana njia ya kuzuia namba yake isiibwe kwenye kompyuta za duka alilonunua viatu miaka mitatu iliyopita, wakati benki na wafanyabiashara wana njia za kuweka kinga, na anayeweza kuweka kinga ndiye anayefaa kubebeshwa hasara ili apate sababu ya kuiweka. Ulaya nako wamefuata fikra hiyo: katika nchi za Umoja wa Ulaya mwenye kadi aliyeibiwa anaweza kubebeshwa euro 50 kwa kawaida, na Uingereza pauni 35, isipokuwa kama yeye mwenyewe ndiye tapeli au amefanya uzembe wa kupindukia, kama kuandika namba ya siri juu ya kadi.

Niweke hapa tahadhari kwa wasomaji wengine wanaodhani kinga hiyo ni ya kila kadi. Huko huko Marekani, kadi ya kutolea fedha moja kwa moja kwenye akaunti inatawaliwa na sheria tofauti ya mwaka 1978, ambayo ni kali zaidi kwa mteja. Akipoteza kadi akaripoti ndani ya siku mbili za kazi tangu ajue, anabeba hadi dola 50; akichelewa, anaweza kubeba hadi dola 500; na akinyamaza zaidi ya siku 60 baada ya kutumiwa stetimenti yenye malipo ya wizi, yanayoibwa baada ya hapo yanaweza kuwa yake yote. Nasi hapa Tanzania kadi nyingi tunazotembea nazo ni za namna hiyo, zinachukua fedha zetu wenyewe na si za mkopo, na kinga yetu inategemea mkataba na benki, kanuni za mtandao wa kadi, na kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Anayeona malipo asiyoyatambua kwenye simu yake usiku aipigie benki usiku huohuo, asingoje kukuche.

Kuhusu bima ya Visa, jibu ni fupi. Visa haitoi kadi wala haikopeshi. Inaendesha mtandao na kuandika kanuni. Yale matangazo kwamba mteja hatadaiwa chochote kadi yake ikiibiwa ni ahadi kwa mwenye kadi peke yake, na anayeitimiza kwa fedha zake ni benki iliyotoa kadi au mfanyabiashara aliyepokea malipo. Hakuna mfuko uliowekwa mahali kwa ajili yako.

Mwenye kadi akishatolewa, hasara inabaki kati ya benki na wafanyabiashara, na hapo kinachotawala ni mkataba kuliko sheria ya bunge. Msingi wa kanuni za mitandao ya kadi, ukiuondolea maneno ya kitaalamu, ni huu: katika pande mbili, iliyokuwa na kinga dhaifu zaidi ndiyo inayobeba. Mfano ulio wazi ni wa chipu. Kwa miaka mingi maduka ya Marekani yaliendelea kupitisha kadi kwa ule mkanda mweusi wa sumaku, ambao ni rahisi kuunakili kwenye kadi bandia, na hasara ya kadi bandia kwa kawaida ilibebwa na benki zilizotoa kadi. Tarehe 1 Oktoba 2015 mitandao ikabadili kanuni: kama kadi ina chipu na duka halina mashine ya kuisoma, hasara ni ya duka. Vituo vya mafuta, kwa kuwa kubadili pampu zote kulikuwa na gharama kubwa, viliongezewa muda hadi Aprili 2021. Hakuna sheria iliyowalazimisha wenye maduka kununua mashine mpya, ila waliozembea waliziona chajibeki, yaani malipo yanayorudishwa kwa mwenye kadi na kukatwa kwa mfanyabiashara kama ulivyokatwa wewe, zikianza kuwafikia wao.

Malipo ya mbali, yaani yale ambayo kadi haipo mbele yako, yana kanuni yake, nayo ni ya zamani zaidi: hasara ya udanganyifu ni ya mfanyabiashara, kwa kuwa hakuna chipu, hakuna namba ya siri, hakuna sura ya mtu. Kuna njia moja kuu ya kuihamisha hasara hiyo, nayo ni mfumo unaoitwa 3-D Secure. Wewe kama mteja bila shaka umeuona: unalipa mtandaoni, ukurasa wa benki yako unafunguka, unatumiwa namba ya uthibitisho kwenye simu au unaombwa ukubali ndani ya programu ya benki, ndipo malipo yanapita. Pale benki iliyotoa kadi inapomuuliza mteja wake na kuridhika kwamba ni yeye, kwa kawaida haiwezi tena kukurudishia wewe madai ya kwamba kadi iliibiwa; imepewa nafasi ya kumtambua mtu wake, ikamtambua, basi ibebe. Kwenye mashine, namba inayoandikwa kwa mkono haipiti katika mlango huo kabisa. Ndiyo maana nimesema kwamba njia ya malipo ndiyo iliyoamua kesi yako, hata kabla wageni hawajapanda ndege. Fungua pia mkataba wako utazame kama benki ilikuruhusu kuingiza namba kwa mkono. Baadhi ya mikataba inakataza jambo hilo kwa maneno dhahiri, na kama wako ni mmoja wao, ujue kabla hujaenda kubishana.

Sasa tuzitazame pasipoti na sahihi, maana najua unaziona kuwa ndiyo silaha yako. Kwa uzoefu wangu katika migogoro ya namna hii, kisa chako kina sura ninayoitambua. Wageni wako yamkini hawakuwa wezi. Waliona mahali fulani tangazo la likizo ya Zanzibar kwa bei ya kushangaza, wakamlipa yule «wakala» fedha zao halali, pengine kwa kuhamisha kutoka benki hadi benki. Yeye akaweka fedha zao mfukoni, kisha akakulipa wewe kwa namba ya kadi ya mtu wa tatu aliyoinunua kwa wezi wa mtandaoni. Wageni wakapata likizo, tapeli akapata fedha taslimu, mwenye kadi atarudishiwa zake, na shimo likabaki kwako.

Tazama basi ushahidi wako unathibitisha nini. Unathibitisha kwamba watu wanne walilala kwako na kula kwako. Benki ya Marekani haijakana hilo. Inachosema ni kwamba mteja wake, ambaye hayumo miongoni mwa hao wanne, hakuidhinisha kulipa. Swali la kama huduma ilitolewa na swali la kama mwenye kadi aliridhia ni mawili tofauti, na wewe umejiandaa kujibu lile ambalo hukuulizwa. Nasema hivi bila kukulaumu. Nimeona hata hoteli kubwa zenye idara nzima ya uhasibu zikituma kurasa na kurasa za vocha na picha za wageni, kisha zikashangaa kushindwa.

Hata hivyo, usikubali kushindwa kabla hujatazama mambo manne. La kwanza ni majina. Kama jina lililokuwa kwenye kadi linafanana na ukoo wa mmoja wa wageni, basi hali inageuka, kwa sababu inawezekana kwamba ni mwenye kadi mwenyewe au jamaa yake anayekana malipo halali, jambo linalotokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, wakati mwingine kwa hila na wakati mwingine kwa sababu tu jina lililotokea kwenye stetimenti ni la kampuni wasiyoikumbuka. La pili ni historia: kama kadi hiyohiyo ilikwisha kukulipa zamani bila mgogoro, kwa anwani ileile ya mtandao au kifaa kilekile, kanuni ambazo Visa ilizianzisha Aprili 2023 zinaipa historia hiyo uzito mkubwa. La tatu ni muda: kwa madai ya udanganyifu, benki iliyotoa kadi ina siku 120 tangu malipo yashughulikiwe. Malipo ya mwanzoni mwa Julai yaliyodaiwa katikati ya Oktoba yako ndani ya muda, lakini ziangalie tarehe zenyewe usiende kwa kukisia. La nne ni kama umekwisha kumrudishia yule wakala sehemu yoyote ya fedha kwa njia ya kadi hiyohiyo. Hilo lipunguzwe kwenye deni.

Kama hakuna hata moja kati ya hayo linalokufaa, ushauri wangu ni kukubali. Mgogoro ukiendelezwa hadi kwenye usuluhishi wa Visa, anayeshindwa hulipa ada ya mamia ya dola, na hapo dola 2,760 zitakuwa zimezaa nyingine.

Lile pendekezo la jirani, la kufunga akaunti, liache kabisa. Fedha zile hazikutoka kwenye akaunti yako kwenda Marekani moja kwa moja. Benki yako ndiyo iliyodaiwa na mtandao, ikalipa, kisha ikajirudishia kwako. Ukitoweka, deni halitoweki. Litabaki kuwa la benki yako, nayo itakuandama kwa mkataba, na kuna orodha ya wafanyabiashara waliofungiwa ambayo benki huiangalia kabla ya kumpa mtu mashine mpya. Hii pia ndiyo sababu benki huwaogopa mawakala wa safari na mashirika ya ndege kuliko muuza duka la vyakula: fedha hupokelewa leo, huduma hutolewa baada ya miezi, na mfanyabiashara akifilisika katikati ni benki yake inayobaki na hasara ya wateja wote. Usishangae basi wakianza kuzuia sehemu ya mauzo yako kwa muda. Ni haki yao kama imeandikwa kwenye mkataba, lakini una haki ya kuambiwa kwa maandishi ni kiasi gani na hadi lini.

Nilisema nitairudia hisia yako ya kuonewa. Katika kila malipo ya kadi unakatwa asilimia fulani, na sehemu kubwa ya makato hayo huenda kwa benki iliyotoa kadi. Benki hizo, zinapoulizwa kwa nini ada ni kubwa, hutaja hatari ya udanganyifu kuwa mojawapo ya sababu. Hata Marekani, Benki Kuu yao ilipopanga ukomo wa ada ya kadi za akaunti kwa benki kubwa, iliruhusu asilimia 0.05 ya kila malipo kwa ajili ya hasara za udanganyifu. Katika malipo ya mbali yasiyothibitishwa, mfanyabiashara hulipa ada hiyo, kisha hasara ikitokea huibeba yeye, na juu yake hutozwa ada ya kushughulikia chajibeki. Kwa maoni yangu hilo si haki, na wafanyabiashara wa Ulaya walipopiga kelele kwa miaka mingi ndipo Umoja wa Ulaya ulipoweka, mwaka 2015, ukomo wa asilimia 0.2 kwa kadi za akaunti na 0.3 kwa kadi za mkopo. Sisi huku bado tunakatwa zaidi ya hapo.

Lakini nisije nikakufanya udhani kwamba benki zilizotoa kadi hazipotezi kitu. Wizi uliopita kwenye chipu au kwenye 3-D Secure ni wao wanaoubeba, na kadi mpya kwa kila aliyeibiwa namba ni gharama yao. Mwishoni mwa mwaka 2013 wezi waliingia kwenye mifumo ya maduka ya Target nchini Marekani wakachukua taarifa za kadi zipatazo milioni 40. Benki zikalazimika kuchapisha kadi mpya kwa mamilioni na kurudisha fedha za wateja, kisha zikaishitaki Target. Mwaka 2015 kampuni hiyo ilikubali kuilipa mitandao na benki makumi ya mamilioni ya dola. Kinachobaki bila kulipwa na yeyote huingia kwenye ada na riba, na mwenye duka huingiza kwenye bei, hivyo hata mnunuzi anayelipa fedha taslimu anachangia bila kujua.

Kwa siku zijazo, kadi ya mtu ambaye hatalala kwako usiipokee kwa namba, hata kama wakala ana maneno matamu. Omba benki ikupe linki ya malipo yenye 3-D Secure, uitumie kwa amana ya kushikilia chumba, na salio lilipwe mgeni anapofika, kadi ikiwa mkononi mwake, chipu ndani ya mashine, namba ya siri akiiandika mwenyewe. Ujue tu kwamba kinga hiyo ni ya madai ya wizi peke yake. Mgeni anayedai kwamba chumba hakikuwa kama picha bado anaweza kudai. Ukimrudishia mtu fedha, zirudi kwenye kadi ileile zilikotoka. Na akitokea anayetaka kukulipa zaidi ya bei yako ili ziada umpelekee dereva au mwongoza watalii «asiyepokea kadi», huyo mwache aende zake. Utapeli huo ni wa kale, na hasara yake ni mara mbili, kwa sababu ile ziada unaitoa taslimu.

Jambo moja la haraka: ile barua pepe yenye namba ya kadi na tarakimu tatu za nyuma bado iko kwenye simu yako, sivyo? Kanuni za usalama za mitandao ya kadi zinakataza kuzihifadhi tarakimu zile baada ya malipo kuidhinishwa, popote pale, hata kwenye daftari. Hifadhi maongezi mengine yote kwa ajili ya polisi, lakini namba zenyewe zifiche au zifute, na usimtumie mtu picha ya namba hizo. Vilevile usiziweke pasipoti za wageni kwenye mitandao ya kijamii ukiwaita wezi. Huenda nao walitapeliwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweza kukugeuza wewe mshitakiwa. Waandikie kwa adabu uwaulize walimlipa nani na kwa njia gani. Akaunti ya benki waliyoitumia ndiyo alama pekee ya huyo tapeli ambayo polisi wanaweza kuifuata.

Yaliyobaki hayamalizwi kwa barua, inabidi uende mwenyewe. Nenda kwenye kitengo cha kadi cha benki yako, si kwa karani wa dirishani, ukiwa na mkataba, risiti ya mashine na maongezi yako na wakala. Omba kwa maandishi mambo matatu: namba ya sababu ya madai, ambayo kwa udanganyifu wa malipo ya mbali katika Visa huwa ni 10.4, tarehe ambayo wao walipokea madai, na tarehe ya mwisho ya wewe kujibu. Muda huo huhesabiwa kwa siku, si kwa miezi. Kama itaonekana kwamba walipokea madai wakanyamaza hadi nafasi yako ya kujibu ikapita, au walikukata ada isiyomo kwenye mkataba, hapo una hoja halali dhidi yao. Ilalamikie benki yenyewe kwanza, na isipokuridhisha peleka malalamiko Benki Kuu, ambayo ina tawi Zanzibar. Ripoti ya polisi, kwenye kitengo cha makosa ya mtandao, uichukue hata kama huna matumaini ya tapeli kukamatwa, kwa sababu mhasibu wako ataihitaji atakapoeleza kwa mamlaka ya mapato mauzo yaliyoandikwa Julai na kurudishwa Oktoba. Mwanasheria hana haja bado. Atakuwa na haja endapo benki itazuia na fedha za wageni wengine ambao malipo yao hayana mgogoro. Ukiwa kwenye kitengo hicho cha kadi, waombe pia wazime uwezo wa kuingiza namba kwa mkono kwenye mashine yako, na ombi hilo nalo lipokelewe kwa muhuri.